Mtihani wa Kujieleza

4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu utazikuta mwishoni nikikumbuka kuziandika. Leo asubuhi mkuu wa shule amebandika rasimu ya mtaala mpya kwenye mlango wa chumba cha walimu, karatasi kumi na kitu zimebanwa kwa pini moja, na sisi walimu tukajazana pale kama watu wanaotafuta majina ya walioitwa kazini. Nimeisoma yote nimesimama, begi begani. Mengine sina ugomvi nayo. Masomo yapungue, sawa. Kazi za mradi zihesabiwe kwenye alama, sawa, ingawa sijui mradi wa sayansi tutaufanyia wapi, maana maabara yetu ndiyo stoo ya madawati mabovu. Halafu nikafika ukurasa wa upimaji.

Umeuona? Uko humo humo ofisi ya mitaala, lazima umeuona. "Kila mtahiniwa wa kidato cha tatu atafanya mtihani wa kujieleza kwa mdomo mbele ya watahini watatu. Asiyefaulu mtihani huu hatapewa cheti cha sekondari ya chini." Na unaanza mwaka huu huu, Novemba! Nilirudia kusoma nikidhani macho yangu ndiyo yenye matatizo.

Bosi yuko kidato cha tatu. Mpwa wako huyo hajasikia sauti ya mtu tangu homa ile ya uti wa mgongo alipokuwa na miaka minne. Anasoma midomo, anaandika vizuri kuliko mimi niliyemzaa, hesabu anawapita wavulana wote wa darasa lake na wanamnunia kwa hilo, lakini hasemi. Asipopata cheti hapokelewi chuo cha ufundi, na asipopokelewa, habari ya kuchora ramani za nyumba ndiyo imekwisha. Atabaki hapa kukunja nguo zangu. Kwa sababu ya sentensi moja tu, Profesa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwanza, kwenye simu unaniambia "sawa dada" kisha unakata. Barua huwezi kuikata. Pili, utaratibu wa nyumba hii unaujua: neno lolote la maana linaandikwa, ili Bosi naye alisome, asikae pembeni akitazama watu wakicheka asijue wanacheka nini. Hii ameshaisoma. Anasema nikwambie uache kunywa soda asubuhi kabla hujala kitu.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye mtu wa ofisini, mimi ni mwalimu wa historia mwenye chaki kwenye nywele. Maji yamenifika shingoni.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Shikamoo. Mwambie Bosi soda nimeacha, isipokuwa Jumatatu.

Kipengele hicho nimekiona. Kilitoka kwa waajiri. Walilalamika kwamba vijana wanakuja na vyeti vizuri, ukiwauliza swali wanatazama viatu vyao. Ndipo ikasemwa wapimwe kujieleza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemfikiria mtoto kama Bosi, hilo tu.

Lakini hiyo ni rasimu, na rasimu hubadilika. Wananchi wamekaribishwa kutoa maoni hadi mwisho wa Machi, na mimi ndiye katibu wa kitengo kinachoyapokea, kwa hiyo nakueleza kitu ninachokijua vizuri. Kila bahasha inafunguliwa, inasomwa, hoja yake inaingizwa kwenye jedwali. Hoja iliyotolewa na watu zaidi ya mia mbili kamati haiwezi kuiruka, ni lazima iijibu. Iliyo chini ya hapo inapelekwa kwenye kiambatisho, na nyuma huko hafiki mtu.

Basi kusanya watu. Wazazi, walimu, wenye maduka, yeyote yule. Kila mmoja aandike, asiyejua asaidiwe. Waombe jambo moja tu: mtahiniwa asiyesikia aulizwe kwa maandishi na ajibu kwa maandishi. Msichanganye na malalamiko ya vyoo na mishahara.

Bosi, najua unasoma hii. Usikonde. Mjomba yupo.

Mdogo wako,
Profesa


21 Machi

Profesa,

Boksi limepanda basi la asubuhi. Kondakta nimemwambia likipotea nitamfuata kwao. Barua zimezidi mia tatu! Mia tatu, wewe! Ulidhani dada yako ni wa mchezo?

Wazazi tuliwaita Jumamosi, wakaja wengi kuliko wanavyokuja siku ya matokeo. Niliposema kila mtu aandike maoni yake, hakuna aliyegusa kalamu. Fundi viatu wa hapo kona akasema, "Mwalimu, mimi nikiandika kwenda serikalini si watanicheka?" Basi nikafanya kama ninavyofanya na kidato cha kwanza. Nikashika chaki, nikaandika barua kamili ubaoni, kuanzia tarehe mpaka "wako mtiifu", nikawaambia nakilini. Jamani, ungewaona. Watu wazima na vitambi vyao wamebanana kwenye madawati ya watoto, ndimi nje. Nikawa napita katikati na kalamu nyekundu, aliyekosea namrudisha mwanzo. Muuza mkaa alirudia mara tatu. Ya nne hakukosea hata nukta, akanipa mkono kama amehitimu.

Mama mmoja alitaka kuongeza habari za mtoto wa jirani yake, naye hasikii, aliyeacha shule kwa sababu mwalimu alikuwa akimchapa kwa kutoitika. Nikamwambia, mama, usinichafulie barua, fuata ubao. Jumatatu nikafanya hivyo hivyo na wa sokoni, na Jumanne na walimu wenzangu, hao ndio wasumbufu kuliko wote, kila mtu anajifanya mjuzi wa lugha. Niliwanyoosha.

Kwa hiyo ukifungua boksi utakuta kazi safi. Hakuna vyoo, hakuna mishahara. Bosi ndiye aliyezipanga kwa majina na kuzifunga kwa kamba. Sasa na wewe fanya sehemu yako.

Dada yako
(aliyevimba vidole)


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Boksi limefika salama. Mwandiko mzuri sana, hata mhudumu wetu amesifu. Kazi ni nyingi hapa, nisamehe kwa ufupi. Mambo yanakwenda.

Msalimie Bosi.

Profesa


15 Aprili

Mdogo wangu,

"Mambo yanakwenda." Yanakwenda wapi? Umekuwa kama kibao cha barabarani. Lakini sikulaumu, najua ofisi zenu.

Nikwambie kitu ambacho sikukwambia. Siku ile rasimu ilipobandikwa, Bosi aliacha kwenda shule. Nilikuwa namwacha nyumbani amevaa sare, narudi namkuta amevaa sare ile ile, amekaa kitandani. Nikimuuliza ananiandikia, "Naenda kufanya nini?" Barua yako ya kwanza ilimwinua kidogo, hii ya pili imemsimamisha kabisa. "Mjomba amesema zimefika." Amerudi darasani, amerudi kugombana na wavulana wa hesabu, juzi ameuchora upya ukumbi wa shule na kuweka madirisha pale panapostahili. Mkuu ameubandika ofisini mwake.

Wazazi wananisimamisha njiani. Muuza mkaa kila akiniona anauliza, "Mwalimu, wamesemaje?" Namwambia subiri, ndugu yangu yuko humo humo. Ninajivuna, sikufichi. Hebu niambie, kamati inakaa lini?

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Hii nimeituma kwa anwani ya shule. Naomba Bosi asiione. Najua navunja utaratibu wa nyumba.

Barua zenu zimehesabiwa kuwa moja.

Kuna watu wanaochapisha vitabu vya maswali na majibu. Mwaka huu walituletea magunia ya maoni yaliyotolewa kwenye mashine, maelfu, yote neno kwa neno, yakipinga kazi za mradi kwa kuwa zitawaharibia biashara. Nikapeleka pendekezo kikaoni: maoni yanayofanana neno kwa neno yahesabiwe kuwa ni oni moja, hata yakiletwa na nchi nzima. Lilipita siku hiyo hiyo. Nilipigiwa makofi, dada.

Halafu likaja boksi lako. Nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta yenye tofauti. Neno lililoongezwa, sentensi iliyoruka, mtu aliyejiandikia lake. Sikupata. Ulifundisha vizuri mno. Kwenye jedwali hoja yenu imeandikwa "1", na imekwenda kwenye kiambatisho.

Nilikaa kimya kwa sababu nilidhani nitamshawishi mkurugenzi, nimwonyeshe kwamba hizi zimeandikwa na mikono ya watu, si mashine. Amesema sheria niliitaka mwenyewe, akanifungulia mlango nitoke.

Umebaki mlango mmoja. Tarehe sita Juni kutakuwa na mkutano wa hadhara katika ukumbi wa mkoa wenu, kamati yenyewe itakuwepo na mimi nitakuwa katibu. Kila shule inatoa msemaji mmoja kwa dakika tatu. Yanayosemwa pale yanaingia kwenye kumbukumbu za mkutano na lazima yajibiwe, hata yakisemwa na mtu mmoja.

Nisamehe.

Profesa


3 Mei

Wewe,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Boksi nililipeleka tarehe ishirini na moja Machi. Maoni yamefungwa mwisho wa Machi. Yaani ulikuwa na siku za kutosha kuninong'oneza, "Dada, wape karatasi waandike upya kila mtu na lake." Tungelala shuleni! Ningewaambia wote, andikeni mnavyosema, andikeni na vyoo! Yule mama wa mtoto aliyechapwa angeandika kurasa nne. Mimi nilimzuia, mimi na chaki yangu, hilo ni langu nitalibeba. Lakini wewe ulijua, ukaniandikia mwandiko mzuri, mhudumu amesifu. Mhudumu!

Na Bosi ameiona barua yako. Bahasha ya ofisi yenu imepitia shuleni badala ya nyumbani, unadhani mtoto anayesoma midomo ya watu tangu utotoni atashindwa kusoma uso wangu? Aliitoa kwenye begi langu mwenyewe. Hakulia. Aliisoma, akaniandikia kwenye karatasi: "Nitakwenda mwenyewe."

Nikamwambia niende mimi, mimi nina mdomo. Akaandika, "Wewe watakusikia kama mama yangu. Mimi wataniona mimi." Unajua anapokaza kichwa. Tangu anatambaa alikuwa anatutuma kwa kidole, ndiyo maana tulimwita Bosi.

Basi mwandikishe yeye. Na mimi niandikishe mkalimani wa ishara zake. Ukikosea na hili, usije kwangu tena.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Nimemwandikisha Bosi kuwa msemaji wa shule yenu, na wewe mkalimani. Yote yamepigwa mhuri. Mje mapema mkae mbele, upande wa kulia, hapo mwanga ni mzuri na mikono yake itaonekana. Mwambie asiharakishe. Dakika tatu ni nyingi mtu akijua anachotaka.

Bosi, zile ishara zetu za zamani, za enzi nilipokaa kwenu nikisoma chuo, ile ya "mwalimu" na ile ya "usinione mjinga", zitumie tu. Mama atazielewa.

Profesa


19 Juni

Kwa katibu wa mkutano,

Sitakusimulia, ulikuwepo. Nitakuuliza tu.

Mwenyekiti aliposema mzazi hawezi kumkalimania mwanawe kwa kuwa ana maslahi binafsi, na kwamba mkalimani anayetambulika alitakiwa kuombwa mapema kutoka makao makuu, wewe hukulijua hilo? Uliyepiga mihuri yote? Nilikaa chini kwa sababu askari alinisogelea. Nikakutazama. Bosi naye akakutazama. Ukumbi ulijaa watu, na zaidi yangu alikuwemo mtu mmoja tu anayezielewa ishara za mtoto yule, kwa sababu nusu yake mlizitunga nyinyi wawili sebuleni kwangu. Mtu huyo alikuwa meza kuu na kalamu mkononi, hatua chache kutoka kwake. Ukainamisha kichwa ukaandika. Ulikuwa unaandika nini?

Mwanangu alisema yote. Alitumia dakika zake tatu, hakuharakisha, kama ulivyomwagiza. Alipomaliza watu wakapiga makofi wasijue wanapigia nini, mwenyekiti akasema asante sana binti, anayefuata. Bosi akarudi akakaa karibu yangu. Akaniuliza, "Mjomba ameandika?" Nikamwambia ameandika.

Leo nimezipata kumbukumbu za mkutano pale ofisi ya elimu. Nimetafuta jina la shule yetu. "Msemaji wa kumi na saba: hakutoa maoni." Na chini kabisa, sahihi yako.

Nimwambie nini mtoto? Sema wewe. Mimi nimeishiwa.

Dada yako


27 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Juma moja kabla ya mkutano mkurugenzi aliniita. Alikuwa ameshaambiwa nina mpwa. Akasema katibu akionekana anampigania ndugu yake, kumbukumbu zote za mkutano zitapingwa, na mimi nitakuwa sina kazi. Habari ya mkalimani kutokubaliwa nilikuwa naijua tangu hapo. Nilijidanganya kwamba mwenyekiti ataona mtoto, moyo utamlainika, atakuacha useme. Sikukuandikia kwa kuogopa usije ukaacha kuja. Umeuliza nilikuwa naandika nini. Nilikuwa naandika tarehe. Niliiandika na kuikata na kuiandika tena mpaka akamaliza.

Kumbukumbu zinatolewa kwenye kinasa sauti, ndiyo kanuni. Nilisikiliza dakika zile tatu. Kuna mtu anakohoa, kuna kiti kinaburutwa, kuna makofi. Basi nikaandika kile ambacho kinasa sauti kilikuwa nacho, nikasaini.

Lakini nilimwona, dada; kichwa nilikiinamisha, macho sikuyatoa mikononi mwake. Nilimwelewa kila neno. Alisema hivi:

"Mimi nakaa dawati la mbele tangu darasa la kwanza. Mwalimu akigeukia ubao simwoni mdomo, nasubiri ageuke. Nimesubiri hivyo miaka yote na bado nafaulu. Sikuja kuomba mnionee huruma. Mnasema mnataka kujua kama najua kujieleza. Sasa hivi najieleza. Kama hamnielewi, shida haiko kwangu peke yangu. Niulizeni kwa karatasi, nitajibu kwa karatasi, swali lile lile na alama zile zile. Msinione mjinga."

Ile ya mwisho aliniangalia mimi akaifanya kwa ishara yetu, kwa mikono miwili.

Jana nimeyaandika haya yote kwenye karatasi ya ofisi, nikaweka jina langu kuwa mkalimani, nikampelekea mwenyekiti. Amesema kumbukumbu zimeshapitishwa na kamati, na kwenye sauti hakuna kitu kama hicho. Mkurugenzi amenihamishia stoo ya vitabu vya zamani, kuanzia Jumatatu. Najua nimechelewa. Ningesimama siku ile ingetosha, hata kama wangenitoa kwa nguvu.

Mwambie Bosi ukweli. Mwonyeshe barua hii.

Profesa


14 Septemba

Profesa,

Mtaala umepita. Kipengele kimebaki kilivyo, hata koma haijahama. Chini yake wameongeza mstari: mahitaji ya watahiniwa wa aina nyingine yataangaliwa katika mapitio yajayo, baada ya miaka mitano. Aina nyingine, ndivyo walivyomwita mwanangu.

Nimekwenda ofisi ya elimu nikapigwa danadana kutoka meza hadi meza. Nimeomba nikae naye ndani ya chumba cha mtihani, wamekataa. Nimeomba apewe hata karatasi tupu na kalamu, wamesema mtihani ni wa mdomo, kalamu ya nini? Afisa mmoja, mtu mzima mwenzangu, ameniambia nimfundishe aseme hata maneno mawili matatu, watahini wana huruma. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikalia mbele za watu, na sikujali nani ananiona.

Muuza mkaa hanisimamishi tena njiani. Akiniona anainama kwenye magunia yake. Naona ananionea aibu, au anajiona yeye ndiye aliyekosea.

Nimemwambia Bosi si lazima aende huo mtihani. Ameandika "Nakwenda."

Wewe usije. Sina hasira ya kukupokea nayo wala sina chakula cha kukupikia. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka sana.

Dada yako


13 Novemba

Mjomba,

Mama hajui kama nakuandikia, au anajua na amenyamaza. Siku hizi simwelewi uso.

Nilikuona dirishani jana. Mama alikwambia usije, wewe ukaja. Nilipoingia chumba cha mtihani niliogopa, wale watatu wamekaa nyuma ya meza wote wanatazama karatasi, halafu nikaona kichwa chako kwenye kioo nyuma yao, umepanda kitu, sijui tofali sijui ndoo. Nikaacha kuogopa. Nikawa nawajibu wao lakini mikono nimeielekeza kwako.

Swali la kwanza uliliona, kujitambulisha. Nilisema wananiita Bosi na nikaona umecheka. La pili uliliona, la mazingira ya shule. La tatu nilikuwa katikati mlinzi alipokushika shati. Uliinua mkono ukaniambia "endelea" kabla hujashuka. Niliendelea. Kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki, maana hakuna mtu mwingine aliyeyapata.

La tatu waliuliza kwa nini kijana asome kwa bidii. Ulikoishia nilikuwa nimesema ili awe na kazi. Nikaongeza kwamba na ili akiambiwa jambo aweze kujua kama ni kweli. Wale watahini walikuwa wananitazama mikono, mmoja alianza kuitazama na yake.

La nne sikuliona vizuri kwa sababu yule mtahini msomaji wa maswali aliinama. Niliomba arudie, hakujua kama naomba. Basi nikalisoma kwenye karatasi yake, kichwa chini miguu juu. Walitaka nieleze mahali ninapopapenda. Nilieleza soko jipya. Nilisema nalipenda lakini ngazi zake ni ndefu mno, akina mama wenye mizigo wanapumzika katikati na kuzuia njia, na kwamba mimi ningezikata kila moja nusu na kuweka mahali pa kupumzikia pembeni, penye kivuli. Niliwachorea hewani. Nilieleza mpaka kipimo. Lile ndilo nililijibu vizuri kuliko yote, Mjomba, pole hukuliona.

Mtahini mmoja, mama aliyekaa pembeni, ndiye alikuwa anaandika alama. Naweza kusoma kalamu inavyokwenda. Kila swali alizungusha kitu kimoja, sifuri, halafu anashuka mstari.

La mwisho halikuwa na alama. Msomaji aliinua uso akanitazama vizuri, nikamwona mdomo wote. Akauliza, "Una swali lolote la kutuuliza?"

Nikamuuliza kama wamenielewa.

Akatabasamu. Akasema, "Asante, unaweza kwenda. Niitie anayefuata."

Bosi